Jumuiya ya Bakhit na Kaimati za Rahila

Bakhit, wakala wa biskuti za makopo pale Matrah, jirani na Maskati, alikuwa na donge moyoni. Tangu Rahila arejee kutoka Unguja na wenzake, mwaka huo wa 1970, na kuanza kuuza kaimati mlangoni kwake, wateja walilipita duka la biskuti kama hawalioni. Bakhit hakugombana naye. Alikuwa mjanja zaidi ya hapo. Kampuni yake ilitoa fedha, naye akaunda Jumuiya ya Wapenda Usafi, wanachama kumi na mmoja, wote wachukuzi wa ghala lake. Jumuiya ikaipelekea baladia, ndiyo ofisi ya mji, kanuni iliyokwisha kuandikwa, imebaki kupigwa muhuri tu: ni marufuku kuuza mlangoni chakula cha kigeni kutoka Afrika kiitwacho "kaimati".

Rahila alipoitwa baladia kujieleza, alikwenda kwanza kwa wifi yake. Mjane, watoto wanne, na Ramadhani imebakisha wiki mbili. Kaimati ndiyo kazi yake pekee.

"Wifi, Kiarabu changu cha kuombea maji tu," alimwambia Kheiria, dada wa marehemu mumewe. "Nnakwenda kusema nini mie?"

"Ntakufasiria. Wewe chukua sahani ya kaimati."

Hata asingeambiwa angeichukua. Kwao mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

Ofisini, Sheikh Marhoon, mkuu wa baladia, mzaliwa wa Maskati asiyewahi kufika Afrika, alikuwa na waraka wa ile kanuni mkononi. Bakhit alikaa kifua mbele, nyuma yake wachukuzi wawili wakitoka jasho. Marhoon akauliza, hii kaimati ni kitu gani hasa?

"Donge la unga, sheikh," Bakhit akajibu. "Linadhuru tumbo."

"Umelionja?"

Bakhit hakuwahi kulionja. Jina alilisikia kwa Rahila mwenyewe, na kitambaa kilichofunika sinia lake mlangoni hakuwahi kukifunua.

Kheiria akamfasiria Rahila, naye akafunua sahani. Marhoon akachukua moja, akatafuna taratibu, shira ikimchuruzika vidoleni. Akachukua ya pili. Kisha akacheka mpaka kilemba kikaenda upande.

"Bakhit, hii ni lugaimat. Mama yako anakupikia nini Ramadhani?"

Bakhit aliikodolea macho sahani. "Lugaimat," akasema kwa sauti ndogo.

"Na nyinyi Jumuiya, mnasemaje?"

Wachukuzi wakatazamana. "Sisi, sheikh, tunanunua kwake kila asubuhi," mmoja akajibu.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Marhoon akaukunja ule waraka mara nne, akauweka chini ya sahani ili shira isichafue meza. Rahila akamkaribisha ya tatu.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, kabla ya magharibi, mwanachama mmoja wa Jumuiya alibisha mlangoni na bakuli kubwa. Bakhit amemtuma.

"Kamuulize kwanza," Rahila alimwambia huku akilipokea bakuli, "anataka kaimati au lugaimat?"