Kozi wa Paa la Ghala

Faidha alikuwa akishona gauni la harusi aliposikia mlio mkali juu ya barabara. Akaacha cherehani, akakimbilia dirishani. Chumba chake kilikuwa ghorofani, mkabala na ghala kuukuu la korosho mjini Masasi, na tangu kipupwe kianze, kozi wawili, ndege wawindaji, walikuwa wamelihamia paa la ghala hilo.

Dume alikuja kasi, njiwa kwenye makucha. Jike akapaa kumlaki, akajipindua angani tumbo juu, akamnyakua njiwa yule bila hata kupunguza mwendo. Faidha akapiga kigelegele peke yake.

"Mama Pili! Unamshangilia mwizi?" Alikuwa Mzee Twahiru, jirani yake, amesimama chini kando ya banda lake la njiwa. "Huyo ni njiwa wangu!"

"Shikamoo, Baba Awadhi. Anamlisha mkewe. Mwenzie anaatamia."

"Marahaba. Basi amlishe kunguru!"

Kiota hawakuwa nacho. Jike alitaga juu ya mchanga tu, kwenye mfereji wa zege pembeni mwa paa, na akienda kula, dume ndiye aliyelalia mayai. Vifaranga walitoka weupe kama pamba. Faidha aliwatazama wakilishwa vipande vidogo vya nyama, mdomo kwa mdomo, na mara nyingi sindano ilimchoma kidole.

Manyoya ya kahawia yalipoanza kuota, siku moja ya upepo kifaranga mmoja alipiga mbawa ukingoni, akapeperushwa. Faidha aliporomoka ngazi bila viatu. Alimkuta Mzee Twahiru na fimbo mkononi, kifaranga ametua juu ya banda la njiwa.

"Usimpige, Baba Awadhi!"

"Nimpige vipi?" Mzee alikuwa ameduwaa. "Mwone anavyonikodolea macho, kama mimi ndiye niliyeingia kwake!"

Kifaranga aliachama mdomo, akamkemea. Mzee akaangua kicheko, akatupa fimbo, akaleta sufuria na ngazi ndefu, akaiegemeza ngazi kwenye ukuta wa ghala. "Naishika ngazi. Vaa hili sufuria kichwani, mama yake yuko juu."

Faidha alimfunga kifaranga kwenye kitenge, akapanda. Hajafika ukingoni, jike akashuka kama jiwe. Kwaa! Sufuria likalia. Kwaa tena! Faidha aliinama, akamfungua kifaranga kwenye mchanga karibu na ndugu zake, akateremka akicheka.

Wakasimama kutazama. Jike alizunguka, akazunguka, hakutua.

"Atamkataa?" Faidha alinong'ona.

"Subiri."

Ndipo jike akatua, akatoa mlio, akamsogelea mwanawe na kipande cha nyama. Mzee Twahiru aliruka kama amefunga goli.

Siku chache baadaye, dume alianza vitimbi. Akapita na windo mbele ya wanawe, karibu kabisa, asitue. Akarudi, akapita tena. Vifaranga walipiga kelele za njaa. Mara mmoja akajirusha! Akazama hewani, Faidha akashika kichwa, kisha mbawa zikashika upepo, akainuka juu ya mabati, juu ya bodaboda zilizosimama, akamfuata baba yake.

"Anaruka! Mama Pili, anaruka!" Mzee Twahiru alikuwa akikimbia katikati ya barabara, mikono juu, na pikipiki zikimpigia honi.