Jiwe Lililooza

Shimo lilikuwa refu kuliko watu wawili waliobebana mabegani. Sampuli za udongo zilichukuliwa kuanzia chini kwenda juu, ili vumbi la juu lisizichafue za chini. Ndiyo maana yule mdogo wa ndugu hao wawili alikuwa kule ndani, akikwangua ukuta kwa kijiko cha plastiki na kulalamika kwamba hakusoma miaka yote ile aje aishi kama panya.

Dada mtu alisubiri juu. Maabara ingepima potasiamu ya kila mfuko, atomi zake nzito na nyepesi. Mwamba ukioza, maji huondoka na nzito zaidi, udongo hubaki na nyepesi. Kwa tofauti hiyo walijua mvua imeula mlima kiasi gani. Tangu wamzike mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu, na kazi hii iliwaweka pamoja.

Akaliegemea jiwe kubwa walilofungia kamba ya kupandia. Ukucha wake ukazama.

Kwa macho lilikuwa jiwe zima, madoadoa ya mwamba yalikuwepo yote, meusi kwa meupe. Akalikwangua kwa kidole, likamomonyoka kama keki. Asubuhi waliligonga nyundo upande mmoja tu, likalia imara, wakaridhika.

"Nimemaliza, dada. Napanda."

Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Akimtisha, ataivuta kamba kwa pupa.

"Ngoja. Usiiguse kamba mpaka nikwambie."

"Vipi, umeona nyoka?"

"Ngoja tu, mdogo wangu."

Akalifungua fundo, akajifunga kamba kiunoni, akaketi na kukita visigino. Ardhi yenyewe ilikuwa mwamba ule ule uliooza. Gari walikuwa wameliacha ng'ambo ya bonde, na mtu mwingine hakuwepo.

"Sasa panda. Taratibu. Mifuko iache."

Safari hii hakutania. Kamba ikakaza, ikambana mbavu. Visigino vikateleza shubiri moja, kisha nyingine, kuelekea ukingoni. Alimsikia akihema, akasikia na udongo ukiporomoka. Mkono ukatokea, kisha kiwiko, halafu kichwa kilichojaa vumbi.

Mdogo mtu alijikokota hadi pale, akaona kamba ilikoishia. Akalitazama jiwe, akamtazama dada yake.

"Ungeanguka na mimi," akasema.

Dada mtu alikuwa bado ameikamata kamba kwa mikono miwili, na kila alipojaribu kuiachia mikono ilikataa, hata mdogo wake akaanza kumfungua kidole kimoja kimoja.