Breki Hazikupiga Kura

Dereva wa basi nambari kumi na nne alikanyaga breki mara tatu uani mwa gereji, na mara ya tatu mguu ukazama mpaka chini kama umekanyaga matope. Akaandika kwenye daftari la kasoro, chini ya mistari minne aliyoandika wiki ile ile. Msimamizi wa zamu akasoma, akapiga mwayo.

"Ondoa gari, mzee. Hutaki, niletee sahihi ya katibu wa chama chenu cha madereva. Bila hiyo, umeacha kazi mwenyewe."

Katibu! Dereva akachana ukurasa ule wa daftari, akapanda ngazi za ofisi ya chama, roho inamuuma. Miaka kumi na miwili yeye na katibu huyo walipokezana basi hilo hilo, huyu akishuka, yule anakalia kiti kingali cha moto, hata wenzao wakawaita mapacha. Ukaja uchaguzi wa katibu, mwenzake akamshinda kwa kura tatu. Kura tatu tu, jamani! Tangu hapo mkewe hana wimbo mwingine: "Mwenzio anarudi na shati jeupe. Wewe je?"

Akamkuta katibu chini ya feni, kwenye kiti cha kuzunguka, kucha hazina hata chembe ya grisi. Dereva aliitazama ile feni zaidi kuliko alivyomtazama mtu.

"Karibu, pacha! Naona umenenepa."

"Miguu imevimba. Nipe sahihi, breki hazishiki."

Katibu akasoma, akairudisha karatasi taratibu. "Tuko kwenye mazungumzo na mwajiri, ndugu yangu. Nikisaini leo, watasema tunaleta fujo. Vumilia wiki mbili."

"Na breki nazo zivumilie?"

"Wewe una kinyongo cha uchaguzi."

"Ninacho. Kila nikiiona feni hiyo, ninacho. Lakini breki hazikupiga kura."

Akautoa ufunguo wa basi, akauweka mezani. "Leseni yako bado hai. Abiria wanangoja. Teremka ukaendeshe, mimi nikae hapo nizungumze na mwajiri."

Katibu akautazama ufunguo. Basi lile alilijua, na mteremko wa sokoni aliujua. Mikono yake haikutoka mapajani.

"Chukua ufunguo wako, pacha."

"Saini."

Kule uani msimamizi akaanza kupiga honi. Katibu hakusaini. Dereva naye akavuta benchi la wageni mpaka karibu na meza, akaketi. Upepo wa feni ukamfikia shingoni. Ulikuwa mtamu vile vile alivyodhani.