Mashine Iliyovikwa Kitambaa

Miaka ile ya wakimbizi Ngara ilijaa magari meupe ya mashirika, na vumbi la barabara ya kambi ya Lukole likaviua viyoyozi vyake kimoja baada ya kingine. Bosi wetu Protasi, ambaye hadi hapo alikuwa mtu wa kuziba pancha na kubadilisha oili, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: TUNATENGENEZA UBARIDI WA GARI.

Shirika moja lililokuwa linafungasha likamwachia mashine ya kunyonya gesi. Kabla hujagusa nati yoyote, unaiunganisha na gari, inanyonya gesi yote na kuifungia kwenye mtungi wake. Fundi wao alitufundisha mimi na mwenzangu Gidioni. Vaeni miwani na glavu, alisema, maana gesi hii inaunguza kwa baridi. Gesi ya zamani na ya mpya msizichanganye. Na msiiachie ndani ya jengo, haina harufu na ni nzito, inatambaa chini kama maji na kufukuza hewa.

Alipoondoka, Protasi aliibeba mashine hadi ofisini, akaiweka kando ya redio na kuivika kitambaa alichofuma mkewe, cheupe chenye maua ya njano.

"Mkiitumia itachakaa," alisema. "Hiyo ni ya wateja kuiona."

Wateja waliona kitambaa.

Sisi akatuletea geji za mtumba za kupimia gesi kutoka Biharamulo. Alizichagua kwa kung'aa. Mipira yake ya kupitishia gesi ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

Sasa mimi Modestus nilijulikana mji mzima kwa mdomo. Nikiwa kwenye shimo la gereji, chini ya gari, mikono inafanya kazi na habari zinatoka: nani kaposa kambini, nani kajenga Keza na mshahara wake haujengi hata choo. Nje, chini ya upenu, Restuta aliuza uji, mgongo wake umeegemea mbao za ukuta wetu. Wateja wake walikunywa nusu uji, nusu maneno yangu. Nikinyamaza kidogo tu, alikuwa anagonga ubao kwa mwiko: "Wewe, endelea, watu wamelipa."

Siku hiyo alikuja mkuu wa magari wa shirika jipya, na gari refu lenye kiyoyozi cha mbele na cha nyuma. Mabomba ya nyuma yanapita chini ya bodi, na mahali fulani yalikuwa yanavuja. Protasi alitaka magari yote ya shirika lile, kwa hiyo alipanga mambo kama anapokea askofu. Mvua ilipoanza akafunga milango. Akalaza mbao juu ya sehemu ya shimo iliyobaki wazi, pale kwenye ngazi, mgeni asije akatumbukia. Mimi tayari nilikuwa chini na brashi na kopo la povu la sabuni. Gidioni angesukuma gesi ya mtungi kutoka juu, mimi ningepaka povu kwenye mabomba na kuangalia linapotoa mapovu.

"Mzee, tungetumia ile mashine," Gidioni alisema. "Tena tutoe gari nje."

"Kwenye mvua? Fungua gesi."

Nikaanza habari ya karani wa mahindi aliyekuwa anatafuta mke. Uso wa Protasi ukatokea kati ya tairi na ukingo wa shimo.

"Modestus, leo ufunge huo mdomo. Mgeni ataona hapa ni kilabu cha pombe."

Nikaufunga. Nilikuwa na wana wawili wa marehemu dada yangu wa kulisha, na kazi nyingine mjini ilikuwa kubeba magunia. Mwiko wa Restuta ukagonga. Nikajibu kwa kugonga bomba kwa spana, ko, ko, nikamsikia anacheka: "Amefungwa jela huyo."

Mvua ikaongezeka juu ya mabati. Sikusikia kwamba bomba lilikuwa limepasuka nyuma yangu, na kwamba mpira wa geji nao umechomoka. Juu, Gidioni alishangaa tu kwamba sindano ya geji haipandi, na Protasi anamwambia ongeza. Mimi nilikaa kwenye kreti, napaka povu. Tone moja la povu nikaliona mawili. Nikafurahi bila sababu. Halafu moyo ukaanza kukimbia, na brashi ikawa nzito kama jembe. Nikajiambia nitoke.

Nikainuka, kichwa kikagonga gari. Nikapapasa kuelekea ngazini, mikono ikakuta mbao. Nilizisukuma, zikainuka kidogo tu, zikarudi. Mtu alikuwa amesimama juu yake. Niliona soli ya kiatu kizuri kwenye ufa, na kiatu kile hakikuwa na habari. Nikafungua kinywa nimwite bosi, na hata wakati huo nilikumbuka nimekatazwa. Nilipoamua kupiga kelele hivyo hivyo, sauti haikutoka. Nikaanguka chini shimoni.

Yaliyofuata nilisimuliwa.

Restuta aligonga. Kimya. Akagonga tena: "Modestus, umelala?" Kimya. Kwao Ntobeye wana shimo refu la kuivishia ndizi za pombe, hewa yake huweza kuua, na anayeshuka humo ni lazima aongee au aimbe mpaka atoke. Akinyamaza, hawamwulizi kwa nini, wanamvuta. Mama huyo akaacha sufuria motoni, akafungua mlango kwa bega, akaingia na mvua yake.

"Mtu wenu yuko wapi?"

"Yuko kazini," Protasi akasema. "Mama, tuna mgeni hapa."

"Huyo hawezi kunyamaza akiwa hai. Mgeni, toka juu ya mbao."

Gidioni akatupa mbao pembeni na kutaka kuruka. Restuta akamshika ukosi. "Na wewe nani atakutoa? Funga huo mtungi. Sukumeni gari." Wateja wa uji waliingia wote, wengine na vikombe, wakasukuma gari hadi kwenye mvua. Milango yote ikaachwa wazi. Gidioni akafungwa kamba kiunoni, akavuta pumzi, akashuka, akanipitishia kamba nyingine kwapani, akapandishwa kabla yangu.

Nilifumbua macho nikiwa matopeni, Restuta ananipiga makofi.

"Sema kitu," alisema.

"Karani..." nikasema.

"Yuko hai."

Mkuu wa magari aliondoka na gari lake bila kuaga. Jioni Protasi alileta mashine mwenyewe, kitambaa akakiacha juu ya redio. Hakusema pole. Alisema, "Kesho anza na hii."

Nikaanza nayo. Gesi inanyonywa nje uwanjani, mtungi unafungwa, ndipo gari linakuja juu ya shimo, na mbao haziwekwi tena. Hata hivyo nikishuka naziona. Natafuta kiatu kwenye ufa ambao haupo. Nimeuliza kazi kwenye magunia, wamejaa.

Mwiko unagonga. Siruhusiwi tena kunyamaza; Restuta ameapa nikinyamaza atamwaga maji shimoni. Habari za kweli zote nimeshazimaliza, kwa hiyo namwoza karani mara ya tatu, natafuta nati kwa vidole, na huku nasema.