Sweta Lisilofuliwa

Mimi ni dobi, na kinyozi hajinyoi. Huku ugenini nimefua makoti ya watu, mapazia yao, suti zao za harusi na za misiba, na kumbe ndani ya kabati langu mwenyewe kuna sweta ambalo nilikataza lisione maji hata tone. Wenzangu kazini wananiita Pua. Nikinusa doa nakwambia hii chai, hii supu, na huyu bwana jana hakulala kwake. Sijawahi kukosea, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Sweta lilikuwa la mama. La sufi, rangi ya samawati iliyopauka, vifungo vinne, cha tano kilipotea. Mama alikuwa muuguzi, na alfajiri akienda zamu alilivaa juu ya sare. Alipofariki, miaka sita iliyopita, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinazungushwa maofisini. Ningetoka, nisingeingia tena. Sikumzika. Watu husema ndiyo maisha, lakini asiyemzika mama yake ana tonge kooni lisiloshuka. Dada yangu akampa msafiri mmoja lile sweta aniletee, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikaufungua, nikatia pua kwenye kola. Mama huyo! Mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, sabuni ya mche, na moshi kwa mbali. Nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikamwambia mke wangu, "Mama watoto, hili lisiguswe na maji. Ng'o!"

Sasa kuna kiangazi cha huku. Baridi ikiondoka wenyeji wanatoa viti nje na kuchekelea jua, mimi najua wanakuja wageni wasiobisha hodi. Mbu, nzi, sisimizi wanaopanga foleni mpaka kwenye sukari. Nyumbani tulikuwa na wadudu mara mia ya hawa, lakini tulikuwa na mama. Kumbikumbi wakivamia, alizima taa zote akabakiza moja, akaweka beseni la maji chini yake. "Waacheni, wanakuja kuoga," anasema. Tukalizunguka beseni tukiwatazama wanavyodondoka, na yeye anatupaka mafuta miguuni ili mbu wateleze. Mbu hawatelezi, bwana. Ila tulimwamini, na tulilala. Huku na mimi huweka beseni chini ya taa ya jikoni. Wanangu wanaliruka tu wakienda zao.

Mwaka huu wakaja nondo. Si wale wakubwa wanaopenda taa. Hawa ni wadogo, rangi ya ngano, na wanakimbia mwanga. Jumamosi moja mchana nikamwona mmoja anatoka kabatini bila haraka, utadhani yeye ndiye mlipa kodi. Nikauvuta mfuko, umetoboka kwenye kona. Kola ilikuwa na matundu saba, na vibuu vyeupe vimejilaza humo, vimeshiba.

Nilipiga ukelele, mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi.

"Nini? Nyoka?"

"Nondo! Wanamla mama!"

Akaangalia, akashika mdomo. "Lifue leo leo, baba watoto. La sivyo utabaki na vifungo."

"Thubutu! Nikilifua nabaki na nini mimi? Nalitia kwenye friza. Kazini ndivyo tunavyofanya, siku chache za barafu, nondo na mayai yake kwisha habari."

"Friza ipi? Hiyo yenye samaki wangu?"

"Samaki watahama."

"Samaki wahame, mama mkwe agande. Haya, Mungu anakuona."

Nilikuwa nalikunja ndipo akili ya kazi ikaniamka. Nondo wa sufi ana tabia moja, na dobi yeyote anaijua: nguo safi haimpi hamu. Anafuata jasho, chakula, mafuta. Mafuta ya mama yalikuwa ya miaka sita, yalitakiwa yawe yamekauka zamani. Nikaibana kola kwa vidole. Vidole vikang'aa.

"Nani amelipaka mafuta sweta la mama yangu?"

Mke wangu akauweka ule mwiko kitandani, juu ya shuka kabisa, ndipo nikajua kuna jambo.

"Mimi," akasema. "Na nililifua. Kiangazi kile cha kwanza."

"Ulilifua?"

"Mfuko ulishika unyevu, likaota ukungu mgongo mzima. Ningekuonyesha ungekufa. Nikalifua kwa mkono wewe ukiwa kazini. Lilipokauka nikalinusa, halina kitu. Nilikaa bafuni nikalia. Basi nikachanganya nazi na karafuu kama alivyokuwa akichanganya, nikapaka kola. Nikalisugua na kipande cha sabuni kikavu. Kila harufu ikififia, naongeza."

"Na ule moshi?"

Akainamisha uso. "Njiti ya kibiriti."

Niliyoyasema hapo mengine siyarudii. Nilifoka mpaka jirani akagonga ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Miaka yote hii nalilia njiti ya kibiriti! Mimi, Pua!

Akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Nilikaa na mama yako miaka miwili kabla hujaniita huku. Kila Jumapili nilimsuka, nikampaka mafuta hayohayo kichwani kwa vidole hivi. Wewe ulikuwa unamsikia kwenye simu. Au wewe peke yako ndiye uliyefiwa?"

Nikaketi kitandani kando ya mwiko. Miaka sita, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza yeye anamkumbukaje. Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

Jioni tulilifua pamoja, ndani ya lile beseni la wadudu. Maji ya uvuguvugu, mimi nabonyeza bila kusugua, yeye anasuuza. Lilipokauka akayaziba matundu kwa uzi wa kijani, maana wa samawati hatukuwa nao. Nikalinusa. Hakuna kitu. Nikalia tena, lakini safari hii tulilia wawili, na lile tonge likashuka.

Baridi iliporudi nikamkuta jikoni alfajiri anatetemeka, hita haijashika moto. Nikalitoa sweta kabatini, nikamvisha.

"Mimi?"

"Wewe. Mama hakulinunua likae kwenye mfuko."

Sasa halimtoki mwilini. Anapika nalo, anasinzia nalo kwenye kochi. Juzi aliliacha kitini. Nikachungulia huku na huku, nikatia pua kwenye kola. Vitunguu, mafuta ya nazi, na mke wangu.

Akanifuma. "Unanusa nini? Limechafuka? Lete nilifue."

"Ng'o," nikamwambia.