Bendera Juu ya Jeneza la Koleta

Asubuhi ya mazishi ya mama yake, Kabula hakuweza kunywa hata uji. Kila pikipiki iliyopita barabarani pale Bukene ilimfanya ageuke. Msafara wa viongozi wa chama ulikuwa njiani kutoka Nzega, na baba yake, mzee Masolwa, alikuwa hajasema lolote kuhusu bendera.

Mama yake, Koleta, alikitumikia chama chake tangu Kabula akiwa mgongoni. Hakuwahi kugombea cheo. Alifagia ofisi ya tawi, alitembelea wagonjwa, na kila uchaguzi ulipofika aliondoka alfajiri na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye fundo la kanga, akipita mji kwa mji kuomba kura. Alipozidiwa hospitalini, alimshika Kabula mkono.

"Mnifunike bendera yangu," alisema. "Baba yako mwambie taratibu."

Taratibu, kwa sababu Masolwa alikuwa chama kingine. Miaka yote walikula sahani moja, siasa wakaiacha nje ya mlango. Lakini leo vijana wa chama cha baba walikuwa wamesimama karibu na zizi, mikono kifuani, na wale wa chama cha mama walijaa chini ya turubai na sare zao. Mmoja wa zizini akasema kwa sauti ili asikike: "Bendera ile haiingii kwenye mji wa Masolwa."

"Baba," Kabula alinong'ona, "wanasubiri neno lako."

"Nimewasikia," mzee alijibu, akabaki ameketi.

Msafara ukafika. Tobias, katibu wa tawi, akashuka na bendera mikononi. Vijana wa zizini wakasogea. Ndipo Masolwa akainuka, akaipokea bendera kwa mikono miwili, akaitandaza mwenyewe juu ya jeneza na kuzinyoosha pembe zake kama anayetandika kitanda. Vijana wa zizini wakarudi nyuma.

Kabula akadhani yamekwisha. Lakini baada ya katekista kumaliza sala, mgeni rasmi aliyekuja na msafara akashika kipaza sauti. Alianza vizuri, kisha akanogewa.

"Njia pekee ya kumuenzi mama huyu ni Bukene yote kutupa kura! Wapinzani mliopo hapa, siku zenu zinahesabika!"

Kutoka zizini mtu akapiga mluzi. Mwingine, Ngassa, akaokota fimbo. Kina mama wakaanza kuwavuta watoto nyuma. Kabula akamtafuta baba yake kitini, hakumwona. Mzee alishafika mbele, mkono ameunyoosha.

"Naomba hicho, mheshimiwa."

Mgeni rasmi alisita, kisha akampa.

"Mnaikumbuka ajali ya njia ya Choma," Masolwa alisema. "Lori letu lilipinduka tukitoka mkutanoni. Gari la wenzake Koleta likapita, wakatuzomea. Yeye akawalazimisha wasimame, akashuka. Akachana kanga yake ya chama, akatufunga majeraha, mimi na hawa mnaowaona pale zizini. Kwa hilo tawi lake likamsimamisha uanachama. Alilia sana, kisha akarudi kufagia ofisi ileile. Nikamwambia, achana nao. Akanijibu, 'Masolwa, chama ni changu pia. Nikikimbia, nani atawaambia wamekosea?'"

Akamgeukia mgeni rasmi.

"Leo ni siku yake. Kura njooni mziombe kesho, na kesho nitawanyima. Ngassa, weka fimbo chini. Mkono huo ni yeye aliyeufunga."

Ngassa aliitazama fimbo kwa muda ambao Kabula aliuona mrefu mno. Kisha akaiachia, akaenda kushika jeneza. Wawili wa sare wakashika upande wa pili.

Si wote waliotulia. Baadhi ya vijana waliondoka wakinung'unika, na mgeni rasmi alipanda gari kabla kaburi halijafukiwa. Kabula aliendelea kutazama barabara hadi vumbi la gari la mwisho lilipotua.

Wakati wa chakula Tobias alimjia mzee, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Barua ya kumsimamisha mama niliiandika mimi. Nilijua ni uonevu, nikaogopa. Hata kumwomba msamaha sikuwahi."

Masolwa alimtazama, macho mekundu. Hakusema amemsamehe. Alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Kaa," alisema. "Nawa mikono."