Kitaa Chekundu Kwenye Kiitikio

Meneja wa ukumbi aliuza amplifaya yangu ya gitaa bila kuniuliza. Akaniletea kisanduku cha kompyuta chenye kioo, eti kinaiga sauti za amplifaya mia moja. Mia! Mimi nilikuwa na moja na ilinitosha miaka kumi na tisa. Wakubwa ndivyo walivyo: wanakununulia kitu wasichokijua, kikileta matata kosa ni lako.

Maonyesho matatu mfululizo kisanduku kilinitia aibu. Wimbo unaanza vizuri, tukifika kwenye kiitikio sauti ya gitaa inapasuka, inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na kitaa chekundu cha kisanduku kinawaka. Meneja akasema mbele ya bendi nzima, "Kesho saa kumi alasiri nakuja kusikiliza. Likikwaruza tena, gitaa litapigwa na kompyuta. Wewe mzee utapumzika."

Nipumzike wapi? Nyumbani nina kitanda cha watu wawili na mtu mmoja.

Kesho yake saa tisa na nusu tulikuwa jukwaani, mimi na shemeji yangu anayepiga besi, mdogo wa marehemu mke wangu. Nikapunguza sauti. Mlio wa gitaa ukawa mdogo, mkwaruzo ukabaki palepale.

"Shemeji, hapo unapunguza sauti inayotoka," akasema. "Imeshapasuka huku inakoingia. Nguo imechanika, wewe unaikunja tu."

"Inayoingia niliipima. Mstari wa kwenye kioo ulifika kwenye njano, nyekundu haukugusa."

"Ulipima kwa kupiga wapi?"

"Mwanzo wa wimbo."

"Na kiitikio?"

Nikajifanya nakaza uzi.

"Shemeji, nakuuliza."

Kiitikio kilikuwa mahali pa mke wangu. Alikuwa akiingia pale kuimba, nami napiga nyuzi zote kwa nguvu, la sivyo ananisema kwenye maikrofoni: "Jamani, mume wangu leo hajala?" Tangu tumzike, nikiwa peke yangu naishia mwanzo. Mbele ya watu ndipo mkono unakwenda wenyewe.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Viatu vya Meneja. Kabla ya wakati! Kuja kumwondoa mtu hachelewi.

"Piga pale pa dada," shemeji akanong'ona. "Kwa nguvu zako zote. Mashine iipime hiyo."

Nikapiga. Nyekundu. Shemeji akakirudisha nyuma kidogo kitufe cha sauti inayoingia. "Tena." Nyekundu. "Tena, wala usinionee huruma." Viatu vinapanda ngazi. Mara ya nne mstari ukasimama kwenye njano, na juu yake ikabaki nafasi. Upesi akaongeza inayotoka, ukumbi usikie.

"Anzeni," Meneja akasema, amekunja mikono.

Tukaanza. Kiitikio kilipokaribia nilikitazama kitaa, jasho likaniingia machoni, nikaacha kukitazama. Nikapiga kama zamani. Nyuzi zote sita zikalia, kila mmoja kwa sauti yake, safi. Shemeji hakuimba, nami sikuimba. Mahali pa mke wangu pakapita hivyohivyo, patupu, na gitaa halikukwaruza.

Meneja akakunjua mikono. "Si nilisema? Mashine ni nzuri. Shida ilikuwa nyinyi. Mzee, Jumamosi uwahi."

Nilikuwa na jibu lake, tena refu. Shemeji akanikanyaga mguu.

"Nitawahi, Meneja," nikasema.